Mzunguko wa Kati

Karatasi inasema mbio za mita elfu moja na mia tano ni mizunguko mitatu na robo tatu. Karatasi haijawahi kuzikimbia. Mkimbiaji anajua kwamba kuna kipande cha kusukumana mwanzoni, halafu inafuata mizunguko mitatu mizima, na kila mmoja una tabia yake. Wa kwanza unakudanganya kwamba leo umeamka na miguu mipya. Wa mwisho unajikimbia wenyewe, maana kengele imelia na watu wamesimama wanapiga kelele. Wa kati ndio hauna mwenyewe. Kengele bado, mwisho hauonekani, kifua kinawaka, na kila mtu anaomba mwenzake akae mbele akate upepo. Nimekimbia miaka kumi na minne, wasichana wangu, na nawaambia mtu anajulikana pale. Mimi nilijulikana pale, na si kwa uzuri. Nitafika huko.

Kwanza nijitambulishe, maana wengine mmejiunga juzi na mnanijua kwa jina la Mama Anna tu, yule bibi wa kiti cha plastiki anayelalamikia viwiko vyenu. Wazazi waliniita Ndeshi. Nilizaliwa Kikatiti, baba yangu akiwa fundi baiskeli kando ya barabara ya Moshi, na nilipomaliza shule nilipelekwa mjini, mtaa wa Themi, kwa shangazi yangu, nikajifunze kushona. Kushona kulinishinda. Mkiona nawapa vifungo vyangu mnishonee, mjue nina sababu.

Mbio zilinikuta dukani kwa shangazi. Mwalimu Tarimo, Mchaga wa Rombo aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, alileta suruali ibadilishwe zipu, na zipu ya rangi ile hatukuwa nayo. Shangazi akanituma soko la Kilombero. Niliporudi, Mwalimu alikuwa bado anapuliza chai aliyokaribishwa.

"Umepanda gari?" akaniuliza.

"Hapana, Mwalimu. Nimekwenda kwa miguu."

Akaangalia chai yake, akaangalia miguu yangu, iliyokuwa ndani ya kandambili. "Kesho asubuhi saa kumi na mbili uje uwanjani," akasema. "Na hizo kandambili uziache hukohuko."

Alikuwa ameruka viunzi ujana wake mpaka goti likamkatalia, na sasa alikuwa na kikundi cha wasichana saba, filimbi moja, na saa moja ya kubonyeza ambayo aliifunga kwenye leso utadhani yai. Nyinyi mna saa za mkononi zinazowaambia hata mlivyolala. Sizidharau. Ningekuwa na kama ile ya Glory, nisingekimbia mazoezi mepesi kwa kasi ya mashindano miaka miwili mizima. Hilo lilikuwa kosa letu sote. Tulidhani kukimbia polepole ni uvivu, kwa hiyo siku ya mashindano tulifika tumeshachoka, tukashangaa kwa nini wasichana wa mikoa mingine wana nguvu. Sasa nawaambia siku ya mazoezi mepesi kimbieni taratibu mpaka muweze kusimuliana umbea wote wa mtaa, na bado mnaninunia.

Kingine kilichokuwa kigumu ni kaptula. Msichana kupita barabarani na kaptula ilikuwa habari ya kufika kanisani kabla yake. Tulikuwa tunajifunga kanga juu, tunatembea kwa heshima zetu mpaka nje ya nyumba za watu, halafu tunazifunga kanga kwenye uzio wa shamba la kahawa na kuanza kukimbia. Siku moja tumerudi, kanga yangu haipo. Mbuzi ameivuta, ameitafuna nusu, na nusu nyingine ameikanyagia matopeni. Ikabidi nikatize Themi yote na kaptula mchana kweupe, na nani nikutane naye? Mchungaji wetu.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba. Binti wa Kikatiti, unakimbia nini hivyo?"

"Nakimbia nyumbani, Mchungaji."

"Basi kimbia," akasema, akageuka kuangalia mlima kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Hakunisema kwa mtu. Namkumbuka kwa hilo kuliko kwa mahubiri yake, Mungu anisamehe.

Habari ya chakula mmeshanisikia, lakini narudia kwa wageni. Usile loshoro kabla ya mazoezi ya kasi. Ni chakula kitamu, mahindi na mtindi, na mama yangu akikipika mtu anasahau jina lake. Nilikula mabakuli mawili asubuhi moja niliporudi kutoka nyumbani, nikaingia uwanjani, na kwenye mzunguko wa nne nikairudisha yote juu ya viatu vya Mwalimu. Aliangalia viatu, akaangalia saa yake. "Mzunguko ulikuwa mzuri," akasema. "Kaoshe mdomo, umebakiza miwili."

Mwalimu alijua kila kitu kuhusu miguu na hakuna alichojua kuhusu wanawake. Jambo likihusu hedhi alikuwa anakohoa na kwenda kutafuta filimbi ambayo ilikuwa shingoni mwake. Ni mkewe, Mama Tarimo, aliyetusaidia. Kila Jumamosi baada ya mbio ndefu tulikwenda kwake kunywa mtori wa ndizi na nyama, na huku anatugawia mabakuli anatuuliza mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, "Mwezi huu umeona?" Msichana akisema miezi mitatu hajaona, Mama Tarimo hakumpongeza kwa kupata nafuu. Alimwongezea nyama. "Mwili umeanza kufunga milango," alikuwa anasema. "Unakimbia sana na unakula kama ndege." Hakuwa amesoma udaktari, lakini mimi namshukuru kwamba nina watoto, na kwamba mifupa yangu bado imenibeba mpaka leo. Ndiyo maana nami nawauliza. Mkiona haya na mimi, semeni na binti yangu Anna, lakini semeni. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nimwingize Namnyaki.

Namnyaki alikuwa Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa Meru, ambako kwao walilima mahindi na maharage na kufuga. Alikuwa akiishi Themi kwa mjomba wake na kufua nguo kwenye hosteli ya wanafunzi. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa bora kuliko mimi. Naliandika hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nililizungushazungusha. Nilikuwa na kasi ya mwisho kumzidi. Yeye alikuwa na yote yanayokuja kabla ya mwisho.

Katika kikundi chetu kulikuwa na desturi moja ambayo Mwalimu aliishika kama sala. Anayekimbia mbele anakata upepo, na anayemfuata anabebwa. Kwa hiyo mbele tulipokezana. Ukimaliza zamu yako unasogea nusu hatua kulia na kusema "Pokea!", na aliye nyuma yako lazima apite ndani, hata kama anakufa. Sikumbuki mtu aliyewahi kukataa mazoezini. Ungekataa ungeona haya hata kunywa mtori.

Mwaka ule kulikuwa na mchujo wa kuchagua watakaokwenda kushindana nje ya nchi. Nafasi haikutegemea kushinda peke yake. Ulitakiwa kuufikia muda uliowekwa, na muda ule ulikuwa mkali kwa mwanamke mmoja kuukimbiza peke yake kwenye njia ya udongo. Ila wanawake wawili waliopokezana wangeweza wote kuufikia. Mwalimu akatupangia. Namnyaki akae mbele kipande cha mwanzo na mzunguko wa kwanza. Mimi nipokee mzunguko wa kati. Kengele ikilia, kila mtu na Mungu wake.

"Ndeshi," Namnyaki aliniambia tukiwa tunajinyoosha, "wa kati ndio mgumu. Tubadilishane ukitaka. Mimi nitachukua."

"Nitauweza," nikamwambia.

Sikumwambia lingine lililokuwa moyoni. Baba alikuwa amenipa mwaka mmoja. "Kukimbia si kazi, binti yangu," alikuwa ameniambia, kwa upole kabisa, akifuta grisi mikononi. "Mwaka huu wakikuchagua, nitanyamaza. Wasipokuchagua, urudi nyumbani." Na nyumbani kulikuwa na familia moja ya Makumira iliyokwisha kuleta neno la posa. Kijana wao hakuwa mbaya. Mimi tu nilikuwa sitaki kuacha kukimbia, na sikuwa na mtu wa kumweleza hilo akalielewa isipokuwa Namnyaki, ambaye nilikuwa simwelezi kitu siku ile.

Tukaanza. Wasichana kumi na mmoja, viwiko kila mahali. Namnyaki akatoka, akashika mbele, nami nikakaa begani kwake, kidogo nje, kama ninavyowafundisha, ili mtu asinifungie ndani. Mzunguko wa kwanza akaukimbia sawasawa na saa. Upepo ulikuwa unapiga kwenye mnyooko wa upande wa pili, na nyuma yake sikuusikia. Nilikuwa nimebebwa.

Tulipopita mstari, akasogea kulia nusu hatua.

"Pokea!"

Pengo lilikuwa hapo, jeupe, la kupitisha hata mkokoteni. Miguu yangu ilikuwa nayo nguvu. Msidhani nilikuwa nimechoka. Nilipiga hesabu, basi. Nikikaa mbele mzunguko huu nitamaliza kasi yangu, na nikimaliza kasi yangu naolewa Makumira. Nikabaki nyuma.

Akageuza uso kidogo, akiwa kwenye kona. "Ndeshi! Pokea!"

Nikaangalia mgongo wake.

Hakuita mara ya tatu. Alirudi ndani, akashusha mabega, akaubeba mzunguko wa kati yeye mwenyewe, na upepo wote, huku akinivuta mimi. Kengele ikalia akiwa bado mbele. Zilipobaki mita mia na hamsini nikatoka nje nikampita. Nilipompita sikumwangalia. Nyuma yangu mwingine naye akampita. Nilishinda, na muda nikaufikia. Namnyaki alimaliza wa tatu, akaukosa kwa kiasi ambacho ungepepesa macho kingekupita.

Watu walinibeba. Mwalimu Tarimo alikuja mwisho, wengine walipokwisha kutawanyika.

"Nilisikia ameita," akasema.

"Sikusikia, Mwalimu."

Akaanza kuifunga saa kwenye leso yake. "Haya," akasema.

Baba alitimiza ahadi yake, akanyamaza, na Makumira wakaoa kwingine. Mimi nikaenda huko nje nilikochaguliwa kwenda. Nilivaa sare mpya, nikapigwa picha, nikaingia kwenye raundi ya kwanza, nikawa wa tisa kati ya kumi na wawili. Nikarudi. Safari yenyewe ilikuwa hiyo. Baadaye nilikimbia vizuri zaidi, mara kadhaa, na zile medali mlizoziona kwa Anna ni za kweli, lakini hakuna hata moja iliyotoka katika siku ile.

Kuna kitu kingine nilichofanya, na wakati ule sikukihesabu kuwa kitu. Siku ya kwanza baada ya mchujo nilimwendea Mwalimu nikamwambia shangazi ananihitaji asubuhi, nikaomba nihamie mazoezi ya jioni. Shangazi hakuwa ananihitaji. Alishakata tamaa na mimi na cherehani zamani. Ila nilikuwa siwezi kusimama mbele ya Namnyaki. Mwalimu akaniruhusu. Nikakimbia jioni, nikaondoka nchini, nikarudi, na niliporudi wakaniambia Namnyaki ameacha mbio, amerudi kwao nyuma ya mlima. Sikuuliza zaidi. Nilijua sababu, au nilidhani najua. Alikuwa ameacha kwa sababu nilimnyima mzunguko mmoja. Nilitembea na hilo miaka mingi kama kokoto ndani ya kiatu, nikalizoea.

Mwaka jana mjukuu wa Mwalimu Tarimo alipata kipaimara. Mwalimu mwenyewe ni marehemu, Mungu amlaze pema. Mama Tarimo bado yupo, ana miaka yake, na aliagiza wasichana wote wa zamani waje. Nikaingia kwenye turubai, nikaonyeshwa kiti, na kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa shanga nzuri shingoni na kitenge cha sherehe.

"Ndeshi," akasema. "Umenenepa."

"Wewe hujanenepa hata kidogo."

"Ng'ombe hawaniruhusu," akasema, akacheka, na meno yake yalikuwa yaleyale.

Tulikula. Tulisemezana habari za watoto, za mvua, za nani amefariki. Alikuwa na watoto sita na shamba, na mume aliyemsifia kwa uvumilivu tu, lakini kwa kweli. Nilipoona wali unaisha kwenye sahani na bado sijasema, nikasema.

"Namnyaki, siku ile ya mchujo nilikusikia. Mara zote mbili. Miguu ilikuwepo. Niliogopa kurudishwa nyumbani, nikakuacha na upepo. Naomba unisamehe."

Akafuta mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua ulinisikia," akasema. "Pua ilikuwa ikinipumulia kisogoni, ingeachaje kusikia sikio? Hilo lilinikera siku mbili. Ya tatu likaisha. Nilijua habari za baba yako, shangazi yako alikuwa hafichi kitu. Mimi kama ningekuwa na posa ya Makumira mgongoni, sijui ningefanya nini."

Nilikuwa nimeanza kuvuta pumzi.

"Jumatatu ndiyo sikuielewa," akasema.

"Jumatatu gani?"

"Ile iliyofuata. Nilikusubiri darajani, pale petu pa kukutana. Nikasema labda anaumwa. Jumanne nikakusubiri. Mwalimu alikuwa hasemi kitu, anaangalia saa yake. Wiki tatu, Ndeshi. Wale wengine walikuwa wazuri, lakini hakuna aliyeweza kukaa na mimi, ulikuwa wewe tu. Ningefika mzunguko wa pili, niseme 'Pokea', na nyuma hakuna mtu." Akaweka sahani chini ya kiti. "Wiki ya nne sikuamka. Mjomba akaniambia basi rudi nyumbani ukasaidie mavuno, nikarudi."

"Kwa hiyo hukuacha kwa sababu ya mchujo."

"Mchujo?" akasema, na akanishangaa kweli. "Mchujo upo kila mwaka."

Muziki ukawa mkubwa, watu wakainuka kupeleka zawadi, naye akainuka na yake, mkebe wa samli. Mimi nilibaki nimekaa. Miaka yote hiyo nilijua nimemwibia mwenzangu safari moja, na nilikuwa nimejizoesha kuomba msamaha wa safari moja. Kumbe mbio za siku ile alikuwa amezimeza. Aibu yangu ndiyo iliyomnyima zote zilizobaki. Nililia pale kwenye kiti, na Mama Tarimo akanitumia mtu na bakuli la mtori, akidhani nimemkumbuka marehemu.

Sasa nawaeleza kwa nini nimeandika haya yote, mimi ambaye hata risiti huwa naandikiwa na Anna. Wiki iliyopita, baada ya yale mashindano yetu ya Jumamosi, mmoja wenu alikuja kwenye kiti changu akaniomba ahamie mazoezi ya jioni. Alisema nyumbani anahitajika asubuhi. Sikumuuliza kitu, na jina lake sitalitaja. Niliona kilichotokea kwenye kona ya pili, nanyi mlioona mliona, na aliyefanyiwa anajua zaidi yetu sote. Nilimwambia nitamjibu.

Jibu langu ni hapana. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mwenzako atakuwa amesimama pale kwenye geti la uwanja anafunga kamba za viatu, na atazifunga taratibu, akikusubiri. Njoo na aibu yako hivyohivyo.